Daktari alinionyesha kadi yake

Nimetoka kliniki sasa hivi, bado niko kwenye daladala.

Nilienda kwa ajili ya presha tu. Daktari, mama wa makamo, akaniuliza kama nimeshapima saratani ya mlango wa kizazi. Nikasema bado, naogopa.

Hakunihubiria.
Alifungua mkoba, akatoa kadi yake mwenyewe ya kipimo hicho. "Hata mimi niliogopa, mdogo wangu. Wanapaka maji ya siki, wanaangalia, dakika chache umemaliza."

Mabango ya kuhimiza wanawake wa miaka 30 na kuendelea wapime nimeyaona sana. Hayakunigusa.
Ile kadi iliyokunjika pembe, yenye jina lake, ndiyo iliyoniingiza chumba cha pili.

Nimepima. Niko salama, alhamdulillah.

Dada zangu, ninyi daktari amewahi kuwaambia kama yeye mwenyewe amepima?