Mwaka mmoja bila Baba

Leo umetimia mwaka tangu Baba atutoke. Asubuhi nimejikuta nimeshika mshipi wake wa kuvulia samaki, wala sikumbuki nilivyofika stoo.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitoka kabla hatujaamka, akarudi jioni mikono ina vidoa vya kuungua kwa cheche. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Ila siku ya mapumziko usimtafute ndani! Alituamsha gizani, sote watano, twende ziwani au mlimani.

Ndiye aliyenifundisha kufunga ndoana. Uzi unaupitisha tunduni, unauzungusha mara tano au sita, ncha unairudisha kwenye kitanzi kilicho karibu na ndoana, kisha unaulowesha kwa mate kabla ya kukaza, maana uzi mkavu ukikazwa hupata joto ukadhoofika. Alinishika vidole kwa vidole vyake vizito, bila haraka, hata nikikosea mara ya kumi. Mama alikaa pembeni na kitabu chake, na Baba kila baada ya muda aligeuka kumtazama tu. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililiona.

Wiki ya mwisho hakuweza tena kusimama. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani. Nikamfungulia, akafumba macho kidogo, akasema, "Upepo umegeuka."

Jioni hii nimemfundisha mwanangu lile fundo. Amekosea mara tatu. Nimemshika vidole.

Nimekukumbuka sana, Baba.