Siku moja maishani mwangu: kuifungia pikapu ya zamani breki za diski

Saa 1 asubuhi niliifungua gereji, na jambo la kwanza nililolifanya ni kuzikagua stendi zilizoibeba pikapu iliyolala hapo tangu jana, kwa sababu gari lililonyanyuliwa kwa jeki peke yake si gari la kuingizia mkono chini yake. Pikapu yenyewe ni ya zamani. Chasisi yake ingali imara, lakini magurudumu yote manne yana breki za dramu, ambazo viatu vyake hutanuka ndani ya dramu linalozunguka na gurudumu, tena zinaendeshwa na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa) yenye njia moja tu ya mafuta, maana yake paipu moja ikipasuka popote, gari zima linabaki bila breki isipokuwa ile ya mkono. Mwenye gari anataka diski mbele, yaani sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi. Watu wengi wakisikia kazi ya namna hii hudhani kwamba fundi hufungua dramu, akafunga diski, kisha akanawa mikono. Hawajui kwamba saa nyingi zaidi huishia kwenye vernia (kipimio cha vipenyo na unene), rula na kipande cha kadibodi.

Hadi saa 2 nilikuwa nimeshafungua magurudumu ya mbele, dramu, viatu vya breki na silinda zake. Vumbi la ndani ya dramu sikulipuliza kwa kompresa, kwa maana viatu vya miaka ile mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Nilililoanisha kwanza, kisha nikalifuta kwa kitambaa ambacho nilikifunga kwenye mfuko na kukitupa.

Ilipofika saa 2 na nusu nilianza braketi, nayo ndiyo kazi yenyewe. Spindo ya gari hili, yaani chuma kinacholibeba gurudumu la mbele, haikutengenezwa kubeba kalipa (kibano kinachozisukuma pedi kwenye diski), hivyo lazima kiwepo chuma cha kati kitakachofungwa kwenye matundu yaliyokuwa yakishika sahani ya nyuma ya dramu, na ambacho kwa upande wa pili kitaishika kalipa mahali pake hasa. Niliuchora mfano kwa kadibodi, nikaujaribisha, nikaukata upya, na uliporidhisha nikauhamishia kwenye bamba la chuma la milimita 12. Matundu yalitobolewa kwa kekee ya kusimama, si ya mkono, kwa sababu tundu lililoinama kidogo tu huilaza kalipa upande, na kalipa iliyolala upande hula pedi upande mmoja, huku mwenye gari akilalamika kwamba amenunua pedi mbovu. Boliti zote ni za daraja la nguvu la 10.9. Nilipoifunga braketi ya kwanza nilipima umbali wake hadi kwenye uso wa diski juu na chini, nikakuta tofauti ndogo, nikaiondoa kwa shimu (kipande chembamba cha bati cha kujazia nafasi), nikapima tena. Diski nayo niliizungusha huku geji ya saa (kipimio chenye mshale unaoonyesha mtikisiko mdogo) ikiigusa, ili nijue kama inayumba. Mtikisiko ukizidi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, dereva atausikia kwenye pedali.

Saa 4 alifika mwenye gari akiwa na kalipa alizozinunua mwenyewe. Ni mtu mzima, mcheshi, na anaamini kwamba fundi akiachwa peke yake huongeza gharama. Aliziweka mezani, akasimama nyuma yangu na kuuliza kwa nini nahangaika na boliti wakati mashine ya kuchomelea ipo pale pale.

"Fundi, si uichomelee tu hiyo braketi kwenye spindo? Itakaa milele."

Nilimweleza kwamba spindo ni chuma kilichofuliwa, kwamba joto la kuchomelea linaweza kukibadilisha na kukiachia ufa usioonekana kwa macho, na kwamba kipande hicho ndicho kinacholishika gurudumu la mbele. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza hadithi. Akahamia kwenye unene wa bamba, akidai kwamba la milimita 6 lingetosha na lingekuwa jepesi. Nikamwambia kwamba gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, na nguvu yote hiyo hupita kwenye kile kipande alichokuwa anataka nikipunguze nusu. Wakati wote huo mikono yangu ilikuwa imesimama, na kazi isiyosonga huchosha kuliko kazi nzito.

Kisha nikazishika zile kalipa, na hapo asubuhi ikaharibika. Zote mbili zilikuwa za upande wa kushoto. Ukiifunga ya kushoto upande wa kulia, nipeli ya kutolea hewa hugeuka na kutazama chini. Na kwa kuwa hewa hupanda juu ya mafuta, kiasi fulani hubaki kimenaswa kwenye silinda ya kalipa hata mkikanyaga pedali hadi jioni. Mafuta hayabanwi lakini hewa hubanwa, na pedali yenye hewa ni kama godoro.

"Ni kitu kile kile, fundi. Mbona sura zinafanana?"

Nilizisimamisha mbele yake moja kando ya nyingine, nikamwonyesha nipeli. Akasema kwamba fundi mmoja wa huko mtaani alimwambia inawezekana kuitoa kalipa, kuigeuza nipeli ikatazama juu, kubana kipande cha mbao katikati ya pedi, kutoa hewa, kisha kuirudisha. Ni kweli, inawezekana. Nilimwambia hivyo bila kuficha, kisha nikamwambia kwamba siifanyi, kwa sababu kila atakayeligusa gari hilo baadaye atalazimika kuijua siri hiyo, na asiyeijua atampa mtu gari lenye pedali laini akidhani amemaliza. Tulibishana karibu saa nzima. Alinikumbusha kwamba pesa ni zake; nikamjibu kwamba pesa ni zake lakini jina litakalotajwa gari likikosa breki ni langu. Mwishowe aliibeba kalipa moja na kwenda kuibadilisha, akiwa amenuna.

Saa zile za kumsubiri nilizitumia kwa masta silinda. Niliitoa ya zamani iliyokuwa chini ya sakafu ya kebini na kufunga mpya yenye njia mbili, ya mbele na ya nyuma zikiwa mbali mbali, pamoja na busta, kifaa cha kuusaidia mguu kinachotumia mvuto wa hewa wa injini, kwa kuwa diski haina ule msaada wa kiatu cha dramu ambacho huvutwa na mzunguko wenyewe kikajikaza. Silinda mpya ina kipenyo cha milimita 25.4 badala ya 28.6, hivyo nguvu ile ile ya mguu huzaa presha iliyozidi kwa takriban asilimia 27, ingawa pedali itashuka zaidi kidogo. Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: masta silinda ikiwa chini kuliko kalipa, mafuta hutaka kurudi yenyewe, kwa hiyo njia ya mbele huwekewa valvu ya kubakiza presha ya psi 2 (psi ni kipimo cha presha). Za dramu hubakiza kama psi 10, na ukiipeleka hiyo kwenye diski, pedi zitakuwa zinakwaruza safari nzima. Kwa upande wa nyuma, dramu zilibaki, na paipu yake nikaiwekea valvu ya kupunguza presha, kwa maana pikapu tupu ina mkia mwepesi na magurudumu ya nyuma yakikamata kwanza gari huzunguka.

Alirudi alasiri na kalipa ya kulia. Sikuitazama saa tena. Tulifunga, nikabandika kipande cha udongo laini juu ya kalipa na kulizungusha gurudumu polepole nione kama rimu inagusa, haikugusa. Usukani niliukata hadi mwisho kulia na kushoto ili nihakikishe kwamba hozi haivutiki wala haikwaruzi tairi. Washa za shaba, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, niliweka mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kubanwa. Mafuta ya breki ni ya aina ya DOT 4, na ya DOT 5 hayachanganywi nayo.

Kisha ikaja sehemu inayonivunja mgongo. Kijana wangu alikaa kwenye kiti, mimi chini, tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kanyaga. Shikilia. Nafungua nipeli, povu linatoka, nafunga. Achia. Kanyaga tena. Mfumo uliokuwa mkavu hauna huruma, na nipeli lazima ifungwe kabla mguu haujaachia, la sivyo hewa hurudi ndani. Wakati huo huo kopo la mafuta la masta silinda lisiachwe likauke, na tone likidondokea rangi ya gari lifutwe papo hapo maana linaila. Shingo iliniuma, mkono ulikufa ganzi, na mwenye gari alikuwa akiuliza kila mara kama bado. Pedali ilipokaza na kusimama juu bila kuzama, kijana alicheka peke yake.

Giza lilikuwa linakaribia tulipotoka barabarani pasipo na magari. Nililiendesha hadi kilomita 50 kwa saa, nikalipunguza hadi 10 bila kulisimamisha kabisa, nikaliacha lijipoze kwa mwendo, nikarudia, ili pedi na diski zizoeane. Linasimama sawa, bila kuvuta upande.

Mwenye gari alitaka kuondoka nalo usiku ule ule. Nikakataa: asubuhi, kwenye mwanga, nitakaza upya kila boliti ya braketi kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza na kutafuta unyevu kwenye kila kiungio. Alikubali kwa shingo upande, kisha akauliza kama na nyuma tungeweza kuweka diski. Nilimjibu kwamba nyaya za breki ya mkono zinavuta viatu vya dramu zile zile, kwa hiyo ni kazi nyingine kabisa yenye braketi zake, na kwamba tukifika huko kalipa nitazichagua mimi.