Mosquitto baada ya apdeti: sevisi iko hai ila sensa kimya

Kama umepandisha Ubuntu kutoka 20.04 kwenda 22.04 halafu sensa zako zote zimenyamaza, usikimbilie kurudisha toleo la zamani. Ukicheki systemctl status unaona Mosquitto (programu inayopokea ujumbe wa sensa na kuusambaza) iko hai, kijani kabisa, unabaki kulaumu ruta bure. Piga ss -ltn, amri ya kuonyesha milango (port) inayosikiliza, pale kwenye 1883, mlango wa Mosquitto, utakuta 127.0.0.1 na [::1] tu, yaani inasikiliza mashine yenyewe, wa nje hawaingii. Hiyo si bagi, ndo watengenezaji wake walivyoamua tangu toleo la 2.0 la Desemba 2020, na mi naona walichelewa, zamani yeyote kwenye netiweki alijiingilia tu bila hodi.

Sasa ongeza mstari wa listener 1883 kwenye faili ndani ya /etc/mosquitto/conf.d, ila ukiishia hapo bado zitakataliwa maana bila jina hakuna kuingia, kwa hiyo tengeneza pasiwedi kwa mosquitto_passwd -c halafu taja faili lake kwenye password_file, kisha restati. Kuna watakaokwambia weka allow_anonymous true, yaani yeyote aingie bila jina, umalize... haya, ila iwe nyumbani kwako tu! Wanaotumia TLS (mawasiliano yaliyofichwa kwa ufunguo) nao waangalie ruhusa za faili la ufunguo, siku hizi analisoma yuza mosquitto, si root.