Siku moja maishani mwangu: kuchapa TFC za watu Bukavu huku mwili ukidai tramadoli

Saa kumi alfajiri

Miguu ndiyo imeniamsha, ikiwa ule ulikuwa usingizi. Inarusha mateke yenyewe chini ya blanketi, na baba watoto alishahamia kwenye kochi tangu usiku wa manane. Simlaumu. Shuka limelowa jasho. Nikilitupa, baada ya dakika chache natetemeka, malaika yamenisimama mikononi. Miayo haiishi na usingizi hauji. Pua inachuruzika, macho yanatoka machozi na wala silii.

Halafu tumbo. Tunakaa kwenye mteremko wa Kadutu, kule ambako mlango wako unatazama paa la jirani, na choo chetu kiko chini ya ngazi za udongo. Mvua imenyesha usiku kucha. Mguu wangu wa kuume una chuma ndani. Nimezishuka na kuzipanda ngazi hizo nikishika ukuta, simu mdomoni iniwakie tochi, mpaka jirani akauliza dirishani kama kuna mwizi.

Kwa wasionijua: nilianguka na moto (pikipiki), mfupa wa paja ukavunjika, nikapasuliwa, wakaweka chuma na skrubu. Nikaandikiwa tramadoli, dawa ya maumivu, kapsuli za miligramu 50, mbili asubuhi na mbili jioni. Ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari) ikawa inafanywa upya kila inapoisha, mara na daktari huyu, mara na yule, na hakuna hata mmoja aliyeandika siku ya kumaliza wala namna ya kumaliza. Nilimeza nilichoandikiwa, sikuzidisha. Kisha daktari wa mwisho akahama mji, na famasi ninakochukulia ikaishiwa. Tangu vita viingie Bukavu Februari 2025, mnajua wenyewe: leo dawa ipo, kesho mwenye duka anakuonyesha rafu tupu.

Kapsuli ya mwisho niliimeza juzi jioni. Jana mpaka saa nne nilikuwa mzima kabisa, nikafikiri nimepita salama.

Saa moja na nusu asubuhi

Chai imekataa kukaa tumboni. Nimekunywa maji kidogo kidogo, nikawafunga watoto viatu, nikatoka.

Motari (dereva wa pikipiki) anayenichukua kila siku ni kijana wa mtaani kwetu. Alipoona ninavyotetemeka alisimamisha moto kabla hatujafika barabara ya lami.

“Yaya (dada mkubwa), hii siyo malaria. Hii minaijua.” Akatia mkono ndani ya koti, akatoa kapsuli mbili zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Bila ganda la kiwandani, bila tarehe. “Tramadoli ya kwetu, miligramu 225. Meza moja tu, saa hii unakuwa muzima.”

Nitasema ukweli: mate yalinijaa. Mwili ulizitambua kabla akili haijafikiri lolote. Nilimwambia atanipa jioni, nipate tu namna ya kumfanya awashe moto tuondoke. Akazirudisha mfukoni, akaniambia bei yake ya kindugu.

Saa mbili mpaka saa sita

Nafanya kazi kwenye sekretaria publiki upande wa Nyawera. Ni chumba kimoja, ordinatera (kompyuta) mbili, mashini ya fotokopi, jenereta nje mlangoni. Mama patroni anapokea pesa, mimi na kadogo mmoja tunachapa. Wateja wetu wakubwa ni wanafunzi wenye TFC (kazi ya kuandika ya kumalizia masomo ya chuo), wakifuatiwa na watu wa barua za kuomba kazi kwenye mashirika. Tangu benki zifungwe, wengi wanalipa kwa simu, na wanaoleta noti wanaleta zile zilizochakaa mpaka namba haisomeki, kwa hiyo kila malipo ni mjadala.

Leo ilikuwa TFC ya kijana mmoja kuhusu ufugaji wa sungura Kabare. Sura nzima ya jedwali za uzito wa sungura. Mwanga wa skrini ulinichoma macho, nikaupunguza mpaka mwisho na bado ukachoma. Vidole vikawa vinagonga herufi mbili kwa mpigo. Kila nikigeuza kichwa haraka nasikia kama umeme unapita ndani ya fuvu, tsk, tsk, halafu unanyamaza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kuhara.

Kijana wa sungura alikaa nyuma yangu akinipumulia shingoni. “Yaya, ukurasa wa ishirini umepotea.” Haukupotea, nilikuwa nimeuandika mara mbili.

Na kila aliyeingia alikuja na jina la ugonjwa wangu. Kadogo alisema malaria. Mzee mmoja mwenye barua ya shamba akasema amiba, tena akanitajia jani la kuchemsha. Mama muuza mandazi, ambaye huwa anakaa mlangoni kwetu, alinihesabia: miayo, kichefuchefu, kukimbia chooni, hasira. Akanikonyeza. “Unatuficha? Wa ngapi huyu?” Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana mimba ingekuwa habari nyepesi zaidi.

Choo cha karibu ni cha mkahawa wa jirani na kinalipiwa. Hesabu ya leo sitaki kuijua.

Saa tano umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, mlio wake ukaniingia kwenye meno. Nikamwambia mama patroni naenda kituo cha afya, nitarudi kuzimaliza jedwali.

Saa saba mchana

Titilere (muuguzi mkuu) wa kituo chetu ni muuguzi wa miaka mingi, mtu wa maneno machache. Kwanza alinitoboa kidole: kipimo cha malaria kikaonyesha mstari mmoja, hamna kitu. Akapima presha, 9 kwa 6 (yaani 90 kwa 60). Akaniwashia tochi machoni, mboni zikabaki pana. Akanishika mkono, akaangalia malaika yalivyosimama kwenye joto la saa saba. Ndipo akauliza: “Mama, kuna dawa uliyokuwa unameza ambayo haumezi tena?”

Sikuwa nimefikiria kuitaja. Nilikuja na ugonjwa, dawa niliiacha nyumbani pamoja na boksi lake tupu.

Akanieleza, nami nawaandikia nilivyoelewa. Tramadoli inashika palepale mofini inaposhika, inatuliza maumivu, na pamoja na maumivu inatuliza vingi: utumbo unapungua mwendo, jasho, mapigo ya moyo. Mwili hauridhiki kukandamizwa, unasukuma upande wa pili ili mambo yawe sawa, na unasukuma hivyo kwa miezi. Ukiiondoa dawa ghafla, msukumo unabaki peke yake. Ni umeme wa mtaani kwetu unaporudi kwa nguvu zote usiku na kuunguza kila kilichoachwa kimechomekwa. Ndiyo maana aliyekuwa hapati choo anahara, na aliyekuwa anasinzia hawezi kufumba jicho.

Tena tramadoli ina kazi ya pili ambayo mofini haina: inazuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe haraka ndani ya mishipa ya fahamu, kama zinavyofanya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo unaachishwa mambo mawili kwa siku moja. Hofu isiyo na sababu na zile cheche kichwani zinaweza kutoka upande huo wa pili.

“Kwa hiyo mimi ni mtu wa drogi, wa dawa za kulevya?” Niliuliza kwa sauti ndogo, maana nyuma ya pazia kulikuwa na foleni ya wamama na watoto wa chanjo.

“Hapana. Mgonjwa wa saratani akipewa mofini wiki kadhaa halafu ukaikata siku moja, atapiga miayo kama wewe, hata kama ni shemasi wa kanisa. Mwili umezoea. Mtu anayeitafuta dawa hata inapomharibia maisha ni habari nyingine, naye pia ni mgonjwa.” Akaandika kwenye fishi yangu: sevraji, yaani mwili kuachishwa dawa uliyoizoea.

Nikamwambia kuhusu zile kapsuli za motari. Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. Za hospitali ni 50. Mtu mzima hatakiwi kupita miligramu 400 kwa siku, na mbili za yule kijana ni 450 tayari, kama kweli ndani mna kilichoandikwa nje. Tramadoli nyingi inaleta degedege, mtu anaanguka kama mwenye kifafa, na mimi nasafiri juu ya moto. Tena kila siku inayopita bila dawa, mwili unasahau kuibeba: dozi ambayo zamani isingekulaza inaweza kukuzima pumzi, hasa ukiichanganya na Valiyumu (dawa ya kutuliza) au pombe kali ya kanyanga.

Alichonipa hakikuwa kikubwa. Pakiti za chumvi ya maji, kila moja kwa lita moja ya maji safi, ninywe siku nzima hata kama sina kiu. Parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, isipite gramu nne kwa siku. Loperamidi kwa ajili ya tumbo, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi. Nayo ni ya ukoo uleule wa mofini, isipokuwa kwa kipimo cha kawaida haifiki kwenye ubongo, na ukiizidisha inavuruga mapigo ya moyo. Kuna dawa ya presha, klonidini, inayopunguza jasho na kutetemeka, lakini inashusha presha na yangu ilikuwa chini tayari. Akasema hapana kabla sijamaliza kuuliza.

“Na tramadoli yenyewe?”

“Ndiyo ninayoitaka. Ulipaswa kushushwa ngazi kwa ngazi. Acha nipige simu kwa daktari wa zoni ya afya, nitafute nani bado anayo ya 50.”

Saa tisa alasiri

Nilirudi na chupa yangu ya maji ya chumvi, nikaona ni haki kumwambia mama patroni. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, pole pole, mpaka mofini na saratani.

Alinisikiliza vizuri. Akasema pole binti yangu. Kisha akainuka kama mtu anayekwenda kuangalia karatasi za fotokopi, akachomoa funguo ya droo ya pesa, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Nimefanya kazi kwenye chumba kile tangu kabla ya ajali. Funguo ile siku zote hubaki kwenye droo. Hakuna aliyesema neno, kadogo alikodolea skrini yake, na mimi nikarudi kwenye sungura. Naandika haya bila kumtukana. Amenipa ruhusa ya asubuhi wiki hii bila kukata mshahara, patroni wengine hawangefanya. Lakini funguo niliiona.

Jedwali la mwisho nilikosea mara nyingi, nikalimaliza. Kijana akalipa kwa simu, akasema aksanti yaya, pona haraka, hiyo amiba ni mbaya.

Saa kumi na mbili jioni

Motari mwingine amenirudisha. Nilimwepuka yule wa asubuhi kwa kupanda kutoka upande wa soko.

Binti yangu mkubwa alikuwa amesonga bugali na sambaza (dagaa) za kukaanga. Harufu ya mafuta ilinitoa nje. Nilikula ndizi moja na uji mwepesi. Baba watoto alinichemshia maji, akanikanda miguu kwa kitambaa cha moto, na hiyo, wapendwa, imesaidia kuliko nilivyotarajia: kwa muda wa maji kupoa miguu ilitulia.

Shemeji yangu wa kanisa alifika kuomba. Aliwekelea mikono kwa nguvu kweli, akakemea roho ya mateso. Nilisema amina. Alipoanza kusema nitupe na dawa zote za hospitali ili imani ifanye kazi, baba watoto akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.

Mguu unauma, ndiyo. Unauma kuliko mwezi wote uliopita, na nilianza kulia nikidhani chuma kimelegea. Kumbe titilere alishanionya: siku hizi mwili mzima unaongeza sauti ya maumivu, kwa hiyo nisiuhukumu mguu kwa wiki hii. Hali yake ya kweli tutaijua baadaye, vurugu likiisha.

Saa tatu na nusu usiku

Titilere amepiga. Amepata za 50 kwenye kituo kingine, upande wa Bagira, na daktari amekubali mpango: tatu kwa siku kwa wiki mbili, halafu mbili kwa wiki mbili, halafu moja. Nikizidiwa kwenye ngazi fulani nabaki hapo kwanza, sirudi juu. Atanipa za wiki moja moja, na baba watoto ndiye atakayezitunza. Hilo la mwisho nililiomba mwenyewe, kwa sababu ya yale mate ya asubuhi.

Nimekaa kitandani nachapa haya kwa kidole gumba, miguu ikicheza. Simu imelia tena, ni kijana wa sungura: “Yaya, samahani kwa usiku huu, profesa amebadilisha kichwa cha TFC, na anataka jedwali zote ziwe mwishoni. Naweza kuja saa mbili?”

Nimemjibu aje saa tano, asubuhi niko Bagira.