Bamia haimsubiri mtu

Sokoni huwa naikunja bamia ncha kabla sijauliza bei. Ikikatika kwa mlio, ni changa. Ikijipinda na kugoma, ina nyuzi, na hiyo hata uichemshe mpaka jioni hailainiki. Wauzaji hawana kosa. Ua likishadondoka, tunda ni la kuchuma ndani ya siku 4 hadi 6, na ukichelewa kidogo tu limeshakomaa. Sasa lichumwe shamba, lijazwe kwenye gunia, lipande gari, lilale sokoni: likifika kwako wakati wake umepita. Ndiyo maana mtu akiniuliza apande nini kwenye kieneo chake kidogo cha uani, namwambia bamia. Mchicha unapita mlangoni kila asubuhi na umande wake.

Huku Kigamboni udongo ni mchanga, na bamia haina ugomvi na mchanga wala na jua. Inachochukia ni maji kutuama. Nachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, basi. Mbolea kali ya kuku nimeiachia mboga za majani, kwa sababu bamia ikishiba kupita kiasi hurefuka na kutanua majani huku maua yakichelewa. Mbegu ina ganda gumu, kwa hiyo nailoweka usiku kucha, halafu naweka 2 au 3 kila shimo, kina cha sentimita 2, nafasi ya sentimita 30 kati ya mashimo na 60 kati ya mistari. Baadaye nabakiza mche mmoja wenye nguvu. Kitalu sitengenezi: mzizi wake mkuu huwahi kuzama chini, na miche ya kuhamisha hudumaa.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza majani. Chini yake utakuta vidukari. Nawaosha kwa maji, kisha napulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulala usiku mmoja. Adui ninayemwogopa hasa ni minyoo fundo, ambao wanaupenda mchanga wetu. Mmea hunyauka mchana ilhali umemwagilia asubuhi, na ukiung'oa unakuta mizizi imejaa vinundu. Hapo hakuna cha kupulizia. Dawa ni kuhama: nisipande bamia palipotoka nyanya, bilinganya au bamia nyingine. Mimi naifuatisha mahindi.

Karibu miezi miwili baada ya kupanda, maua yanakuja, ya njano iliyopauka, katikati zambarau ya kukolea. Ukoo wake ni mmoja na pamba na choya, na ukitazama ua utaamini. Linafunguka asubuhi, jioni limeshasinyaa, kwa hiyo anayelala sana halioni.

Kuanzia hapo bustani inakudai. Nachuma kila baada ya siku moja, kwa kisu kidogo, na nguo ya mikono mirefu kwa sababu vinyweleo vyake vinawasha. Hata lile tunda lililojificha likakomaa nalikata, ingawa halipikiki. Ukiliacha, mmea unaelekeza nguvu kwenye mbegu na kupunguza kuzaa.

Jikoni tunagawana. Mama mkwe wangu, mtu wa Kondoa, anachukua majani machanga na bamia kidogo, anatia magadi, anapata mlenda unaovutika, na anautaka hivyo hivyo. Mimi wa pwani naupunguza utelezi: naziosha zikiwa nzima, nazifuta zikauke kabisa, ndipo nakata na kuzikaanga kwa moto mkali kabla ya kutia nyanya na tui. Nikipata kamba wa Feri, soko la samaki, ndimu inaingia mwishoni. Mama huonja, akaniuliza utamu wake umekwenda wapi. Hatujaafikiana, na kila mtu ana sufuria yake.

Mwisho wa msimu nachagua mche uliozaa mapema na usioguswa na ugonjwa wa majani ya manjano, naacha matunda machache yakauke mtini mpaka yapasuke. Aina ninayopanda si chotara, kwa hiyo mbegu zake zinatoa bamia ileile. Ila nyuki huchanganya aina zilizo jirani, nami napanda moja tu. Zimebaki nyingi kuliko mistari yangu. Majirani, kabla mvua za vuli hazijaanza, pitieni na vichupa vyenu vikavu.