Siku Mashine Ilipomsalimia Mama

Januari 2014 nilishuka Tanga na chupa mbili za insulini ya mama. Joto la kaskazi halina mchezo, na umeme wa wiki ile ulikuwa wa kukatikakatika. Nilipofika Ngamiani, kabla hata sijavua viatu, nikazisukuma ndani kabisa ya friza, ubavuni mwa barafu za watoto. Nikajiona mjanja: humo hata umeme ukilala, dawa haipati joto.

Asubuhi dada akazikuta zimekuwa jiwe. Akazishusha rafu ya chini, zikayeyuka. Hakuna aliyewaza lolote. Nyama huganda ikayeyuka, na watu wanakula.

Siku ya pili mama akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Usiku nilisikia mlango wa uani ukilia mara sita. Kulipokucha tukampima sukari kabla hajala: 19.4. Siku zote alikuwa akiamka na 7 au 8.

"Mama, umekula nini?" dada akauliza.

"Kile mlichonipakulia."

Dada akaenda kabatini, akarudi na kopo la kashata alizonunua kwa ajili ya wageni. Alinunua 20, zimebaki 18. Mama akaapa hajazigusa. Mimi nikacheka, kile kicheko cha mtoto aliyekua akaanza kumwona mzazi wake ndiye mtoto. Nikikumbuka naona haya hadi leo. Maana mama alisema tena, kwa sauti ya chini: "Hii dawa yenu naona kama najichoma maji." Alikuwa na mwaka wa 11 na kisukari. Aliujua mwili wake kuliko sisi wawili na kopo letu.

Siku ya tatu akalalamika macho yana ukungu. Siku ya nne akakataa uji, akatapika mara mbili, midomo ikamkauka. Nilipomwinamia kumnyanyua nikasikia pumzi yake inanukia utamu wa ajabu, kama nanasi lililoiva likapitiliza. Tukamtoboa kidole, tukasubiri. Badala ya namba, mashine ikaandika HI.

Mpwa wangu, aliyekuwa darasa la tatu na Kiingereza chake kipya, akachungulia. "Bibi, mashine inakusalimia!"

Mama peke yake ndiye aliyetabasamu. Kumbe maana yake ni sukari imevuka kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Ile yetu mwisho wake ulikuwa 33.3. Nikaenda kutafuta teksi.

Hospitali hawakuuliza habari za kashata. Walipima mkojo, wakasema una asidi ile inayotoka mwili unapokosa insulini ukaanza kuunguza mafuta yake. Wakamtundikia dripu za maji ya chumvi, wakampa insulini ya haraka, na kila saa wakamtoboa kidole. Alfajiri sukari ilikuwa 14 na mama anauliza viatu vyake viko wapi.

Nesi wa zamu, mama wa makamo, akaomba kuiona chupa anayotumia nyumbani. Akaiviringisha taratibu kati ya viganja, kisha akaiinua usawa wa taa. Insulini ya mchanganyiko ukiiviringisha hivyo hugeuka nyeupe sawasawa kama maziwa. Hii ilikuwa na vibonge vinaelea, na chenga nyeupe zimegandia kwenye kioo, mfano wa maziwa yaliyokatika.

"Mliiweka wapi?"

Nikamwambia. Nilitamani anigombeze, lakini hakunigombeza.

"Insulini ikiganda imekufa, baba. Ukiiyeyusha unayeyusha maiti." Akanielekeza rafu za chini za friji, mbali na barafu, na kama friji hakuna, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, chupa ikae mle kavu ndani ya mfuko.

Tulirudi nyumbani baada ya siku tatu. Nikapiga magoti kando ya kitanda kumwomba radhi. Mama hakunijibu. Akaagiza aletewe lile kopo, akamimina kashata kwenye sinia, akazihesabu moja moja kwa sauti. Zilikuwa 14.

"Haya," akamgeukia dada, "na hizi nne nimezilia kwenye dripu?"

Nyuma yetu mlango wa uani ukalia. Mpwa wangu alikuwa ameshatoka.