Mississippi kwa barabara za ndani, kutoka Ste. Genevieve mpaka Cairo

Ukitaka kuujua mto Mississippi wa Marekani achana na haiwei kubwa. Shika vibarabara vya ndani kutoka Ste. Genevieve, jimbo la Missouri, uteremke nao mpaka Cairo, kusini kabisa mwa jimbo la Illinois, na kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba miji ya mtoni yenyewe mto haiuoni, upo nyuma ya tuta au nyuma ya ukuta wa zege. Kwa hiyo nikaamua kamera yangu ifuate kile ambacho mto umewafanyia watu, machweo juu ya maji wameshapiga wengi.

Ste. Genevieve ina nyumba za zamani za Wafaransa, kuta za magogo yaliyosimamishwa wima, mengine yamechimbiwa chini kama nguzo. Wahi asubuhi jua likiwa linapiga kwa ubavu, kila mfereji kati ya gogo na gogo unatoka vizuri, ikifika saa sita ukuta unakuwa bapa tu na hakuna picha hapo.

Lakini jamani Kaskaskia! Huu ndio ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa jimbo la Illinois, 1818, halafu mwaka 1881 mto ukahama, ukajichimbia njia mpya upande wa mashariki na kuumeza mji karibu wote, kipande kilichobaki kikajikuta upande wa Missouri. Mpaka leo kisheria ni Illinois ila kufika lazima upitie St. Mary, Missouri, uvuke kidaraja juu ya mkondo wa zamani, ukishavuka ni mashamba bapa ya mahindi na soya na barabara haina gari. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 21. Kuna kengele pale, zawadi ya mfalme Louis XV wa Ufaransa ya mwaka 1741, ina maandishi ya Kifaransa, na mimi nilikaa nayo muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, nasogea kidogo, nasubiri wingu lipite, mpaka zile herufi zikapata kivuli cha kutosha kusomeka. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari hii.

Cape Girardeau nilipita haraka. Ukuta wao wa mafuriko umechorwa historia ya mji, rangi nzuri, ila kupiga picha ya mchoro wa mtu mwingine hakunivutii sana, nilichopiga ni geti la ukutani likiwa wazi na tishari linapita kwa nyuma.

Cairo ndiyo iliyonikaba koo. Mwaka 1920 ilikuwa na watu zaidi ya 15,000, sensa ya 2020 ikakuta 1,733. Reli na madaraja viliua biashara ya meli na feri, sawa, lakini usiishie hapo, maana kuanzia 1969 weusi wa mji huu waligomea maduka ya wazungu yaliyokataa kuwaajiri na wenye maduka wengi wakaona bora wafunge kuliko kuajiri. Sasa ukipiga picha mtaa wa Commercial Avenue ulivyo tupu bila kuyaeleza hayo, unamwachia mtazamaji uzuri wa magofu peke yake, na hiyo kwangu si haki kwa waliobaki wanaoishi pale, ndiyo maana kila picha ya mtaa ule nimeiandikia maelezo marefu.

Mwisho kabisa wa mji ipo bustani ya Fort Defiance, mto Ohio unapoingia Mississippi. Maji mawili, moja la kahawia zito la tope, lingine limeelekea kijani, yanaenda sambamba kwa mwendo mrefu kabla ya kuchanganyika. Weka filta ya polaraiza uizungushe taratibu mpaka mng'ao ukate, ule mstari unatokea wazi kabisa. Ila angalia hali ya mto kabla hujaenda, maji yakijaa bustani yote inazama.